Dakika Saba Nilizowaibia Watu wa Sumbawanga

Siku niliyokabidhi ofisi, binti aliyechukua nafasi yangu alipokea vitu kimoja kimoja huku akivitia alama kwenye orodha: mhuri, kidau cha wino, rejista mbili za ukaguzi wa filamu, deki ya video iliyokwisha kufa, na kitambaa nilichokuwa nikiisafishia deki hiyo enzi za uhai wake. Alipofika kwenye jiwe nililokuwa nikigandamizia karatasi, akasita.

"Mama, na hili nalo tuliandike?"

"Liandike. Jiwe, moja, zima."

Akaliandika, maana ni binti mtiifu, lakini macho yake yaliendelea kuuliza. Naandika haya kwa ajili yake, na kwa ajili yenu wengine mnaoanza kazi ya utamaduni katika mji huu wa baridi. Habari za vyeo na mshahara nitaziruka. Vyeo havikutosha kujaza ukurasa, na mshahara mnaujua wenyewe.

Niliripoti kazini mwezi wa saba, nimevaa gauni jepesi kama mtu aliyekuwa akienda Muze bondeni akakosea njia. Mzee Ladislaus, mkuu wa kitengo chetu, alinivalisha koti lake kabla hajaniuliza jina. Alikuwa mtu wa ngoma na kwaya. Angeweza kusikiliza kijiji kikiimba akakuambia nani kagombana na nani wiki ile. Somo la kwanza alinipa kijijini Mollo, tulipokwenda kukagua kikundi cha ngoma. Alinikalisha kwenye kigoda, nikawapa mgongo wachezaji.

"Mzee, sasa nitaonaje?"

"Waangalie wanaoangalia," akasema. "Ngoma inachezwa kule, lakini kazi yake inafanyika huku, kwenye nyuso zao. Ukikagua ngoma bila watu umekagua vumbi."

Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari, nikayapigia mstari, kisha nikayasahau kwa miaka kadhaa. Ndivyo tunavyoyafanyia maneno mengi tunayoyapigia mstari.

Ikaja miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Vitu ambavyo tulikuwa tukivisikia kwa wasafiri tu vikaanza kuingia kwa malori kutoka mpakani, upande wa Kasesya: sabuni za kunukia, vitenge, baiskeli nyeusi za Kichina zilizofanana kama mapacha, na deki za video. Matangazo ya televisheni hayakutufikia, lakini kijana mmoja aitwaye Oskar alifungua banda la video nyuma ya soko, la mabati na mabenchi ya mbao za miti ya kupanda, na mji mzima ukahamia humo kila saa nane mchana. Oskar hakuonyesha picha tu. Alisimama kando ya runinga na fimbo, akatafsiri Kiingereza kwa sauti zote, ya mwanamume, ya mwanamke na ya mbwa. Pale asipoelewa, alitunga. Wengi walikuwa wanakuja kumsikiliza yeye.

Ikaamuliwa kwamba filamu zikaguliwe kabla ya kuonyeshwa. Ikaundwa kamati ya watu watatu. Mimi nilikuwa katibu. Sajini Pasko wa polisi aliwekwa kwa ajili ya usalama, na Katekista Gaudensi kwa ajili ya maadili. Mzee Ladislaus alikuwa ameshastaafu na kurudi shambani kwenye ulezi wake. Tulikaa ofisini, mlango umefungwa, mapazia yameshushwa, tukatazama filamu za watu wazima wasio na haya huku tukinywa chai ya serikali.

Mkanda wa video haukatwi kwa mkasi, ingawa mji ulinipa jina la Mama Mkasi. Tulifanya kazi kwa namba. Kila deki ilikuwa na kaunta yake ndogo mbele, nami niliandika: "Kutoka 640 hadi 655, peleka mbele haraka." Oskar alitakiwa kufuata. Ilituchukua muda kugundua kwamba kaunta ya deki yetu na kaunta ya deki yake hazikwenda sawa. Kwa miezi miwili watu wa Sumbawanga walitazama mabusu yote kwa utulivu na kurushiwa mbele kila mahali palipokuwa na ibada ya harusi. Katekista Gaudensi alikuwa akishangaa kwa nini vijana wanamshukuru barabarani.

Filamu zenyewe zilikuwa za zamani hata kwa wakati ule, zimenakiliwa kutoka nakala ya nakala mpaka nyuso za watu zikawa na rangi ya boga. Nyingi zilikuwa za polisi, na baada ya kukagua kumi nilizijua kama sala. Steringi, yaani shujaa wa picha, ni polisi. Bosi wake ni mzee anayegonga meza. Wahalifu wanakamatwa, mahakama inawaachia kwa kukosa ushahidi, rafiki wa steringi anauawa, na steringi anaweka beji mezani na kwenda kuwamaliza kwa mkono wake. Sajini Pasko alizitazama kama fundi anayetazama kazi ya fundi mwingine.

"Huyu amepiga risasi kumi na moja," alikuwa akisema. "Maelezo ameandika saa ngapi?"

Sitawadanganya, nami nilizipenda. Ninyi mnaoishi mji ambamo mwizi wa kuku anaweza kukamatwa Jumatatu na kukusalimia sokoni Jumatano, mtaelewa. Steringi alipopandisha kola ya koti, hata mikono yangu ya katibu wa kamati ilipiga makofi yenyewe.

Basi ikaja filamu ambayo mji uliiita ya Afande Koti. Steringi alivaa koti refu kutoka mwanzo hadi mwisho, na watu walimpenda papo hapo kwa kuwa ndiye mtu wa kwanza kwenye video aliyevaa kama Mfipa wa mwezi wa saba. Anawasaka watu watatu waliomuua rafiki yake. Wa kwanza anamuua kwenye karakana, wa pili darajani. Wa tatu ni mtu anayechechemea, ambaye Oskar alimwita Mguu. Mguu anapiga magoti kwenye stesheni ya treni, anasema si yeye. Afande Koti anampiga risasi, abiria wanashangilia, treni inaondoka.

Mtu angedhani imeisha, lakini zilibaki dakika saba. Mwanamke anaingia kituo cha polisi na karatasi ya hospitali. Ni mke wa Mguu. Siku rafiki wa Afande Koti alipouawa, Mguu alikuwa amelazwa wodini, mguu umening'inizwa kwa kamba. Afande Koti anaisoma karatasi mara mbili. Anavua koti lake, anaweka bastola juu ya meza, kisha anakwenda kukaa kwenye benchi la watuhumiwa, akisubiri mtu wa kumwandika.

Tulipomaliza kutazama, Sajini Pasko alisimama.

"Hii sehemu haiendi kwa watu. Polisi akionekana amekaa benchi lile, kesho nikimwambia mtu kaa pale ataniambia anza wewe."

Katekista Gaudensi alisema yeye shida yake ni busu la dakika ya kumi tu, hayo mengine tuyaamue wenyewe. Nikabaki mimi. Chai ilikuwa imekwisha, miguu yangu ilikuwa imekufa ganzi kwa baridi, na nilitaka kwenda nyumbani. Nikaandika, "Isimamishwe treni ikiondoka," nikagonga mhuri. Siku ya kwanza ya kuonyeshwa nilikwenda bandani kuhakikisha agizo linafuatwa. Nikasimama kando ya deki, macho kwenye kaunta. Treni ilipoondoka Oskar alibonyeza, akatangaza, "Mwishooo!" na watu wakatoka wakiruka. Nilirudi nyumbani nimeridhika.

Filamu ile ilirudiwa na kurudiwa. Vijana wakaanza kupandisha kola.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Ilikuwa mchana, soko limejaa, upepo unapeperusha makapi ya maharage. Nilikuwa nimekaa kwa Kristofa, fundi viatu wa pembeni mwa soko, nikisubiri anigongee kisigino. Kristofa alikuwa mtu mpole kupita kiasi. Alikuwa na mazoea ya kutazama miguu yako kabla ya uso, na kutokana na miguu alijua umetoka wapi na una haraka gani. Nyundo hakuwa nayo. Soli alizigongea kwa jiwe la mviringo lililokuwa limelainika upande mmoja kwa kazi.

Kukasikika kelele upande wa samaki wakavu. "Mwizi! Mwizi wa baiskeli!" Tangu asubuhi habari ilikuwa imeenea kwamba baiskeli ya Katekista Gaudensi imeibiwa sokoni. Sasa kulikuwa na mtu mgeni, Msukuma, anasukuma baiskeli nyeusi ya Kichina, tena anachechemea.

"Mguu!" akapiga kelele mtu. "Mguu huyo!"

Jina lile lilitoka bandani. Kristofa akainuka, kiatu changu kikaanguka matopeni, akakimbia. Nikamfuata na kiatu kimoja.

Nilipofika walikuwa wamemfunga mikono kwa mpira wa tyubu. Mdomo wake unavuja damu, shati limechanika. Alikuwa akisema jina lake, Masanja, ametoka Muze, ameleta samaki, baiskeli ni yake. Hakuna aliyemsikiliza. "Mmalize kama Afande Koti!" Wengine walikuwa wakiyasema maneno ya Oskar yale yale, kwa sauti ile ile aliyomtungia Afande. Wanawake wa nyanya wameacha meza zao, mawe yako mikononi, na mtu yule alikuwa anakaribia kufa. Nilijua wanasubiri nini. Walikuwa wanasubiri treni iondoke.

Nikapanda juu ya kreti la soda.

"Ngojeni! Mmekosea mwizi!"

"Mama Mkasi, shuka!"

"Anayechechemea si yeye peke yake, nitazameni!" Nikainua mguu wenye soksi. Watu wawili watatu wakacheka bila kutaka. "Mnamtafuta mwizi? Mwizi mimi hapa. Filamu ya Afande Koti haiishi pale kwenye treni. Ina dakika saba zaidi. Mimi ndiye niliyewaibia."



"Dakika saba gani?" akauliza mama mmoja wa nyanya.

"Zenye mwisho wenyewe. Muulizeni Oskar."

Oskar alikuwa humo humo kwenye kundi, na uso wake ukakiri kabla ya mdomo. Jamani, watu wa Sumbawanga wana subira. Wanasubiri mvua, wanasubiri basi la kutoka Mbeya. Lakini kuonyeshwa filamu nusu kwa kiingilio kizima, tena mara nne tano, hilo hawakulitegemea. Hasira yote iliyokuwa juu ya Masanja ikageuka ikatukalia mimi na Oskar.

"Mlituficha nini?"

"Tumelipa sisi!"

"Twendeni tukaone," nikasema. "Sasa hivi. Na huyu tunakwenda naye, na baiskeli yake. Akiwa mwizi atakuwa mwizi hata baada ya dakika saba."

Ndivyo nilivyoongoza maandamano ya pekee maishani mwangu, na kiatu kimoja. Njiani tulikutana na Sajini Pasko anakuja mbio, ameitwa.

"Nani kaamuru maandamano haya?"

"Filamu, afande," mtu akamjibu. Akageuka, akatufuata. Mtu mwingine alikuwa amekwenda kumwita Katekista Gaudensi aje aitambue mali yake, naye akaingia wa mwisho, akakaa karibu na mlango.

Oskar akavuta kamba ya jenereta. Masanja alikalishwa benchi la mbele, mikono bado imefungwa. Na pale, sijui kwa nini pale, nikamkumbuka Mzee Ladislaus. Nikachukua kigoda, nikaipa runinga mgongo, nikakaa kuwaangalia wanaoangalia.

Nilisikia treni inaondoka nyuma yangu. Wachache wakapiga makofi kwa mazoea, kisha wakaacha. Nikasikia mlango wa kituo, sauti ya mwanamke. Oskar alitafsiri polepole, bila madoido, kwa sauti yake mwenyewe: "Anasema mume wake alikuwa hospitali. Anasema karatasi hii hapa. Anasema alikwambia si yeye." Niliziona nyuso zikishuka moja moja. Mama wa nyanya alijifunika mdomo na khanga. Sajini Pasko, aliyesimama mlangoni, alivua kofia. Kristofa alikuwa benchi la pili, koti limevutwa upande mmoja na kitu kizito mfukoni. Akaingiza mkono, akalitoa jiwe lake la kugongea soli, akainama na kuliweka sakafuni taratibu kabisa ili lisitoe mlio. Nikatambua kwamba alikuja nalo kutoka sokoni, na kwamba alikuwa na nia nalo. Machozi yalinitoka na sikuyafuta.

Picha ikaisha. Hakuna aliyetangaza mwisho. Ndipo Katekista Gaudensi aliposimama, ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Sehemu ile alikuwa ameshaiona pamoja nasi ofisini, lakini ofisini hakukuwa na Masanja.

"Ndugu zangu," akasema, "baiskeli yangu haikuibiwa sokoni. Jana niliiacha hapa, nyuma ya banda. Nilikuja kutazama filamu. Wakati wa kutoka nikamwona mzee wa kanisa upande wa nyuma, nikaona haya, nikapita mlango wa mbele na kwenda nyumbani kwa miguu. Asubuhi nimerudi sijaikuta. Ningesemaje ilipoibiwa? Nikasema sokoni."

"Ile yenye ngozi ya mbuzi kwenye siti?" akauliza Oskar. "Mzee, mbona iko stoo? Niliiingiza isilowe. Nikasema mwenyewe atakuja kuuliza."

Ikaletwa. Ilikuwa imetapakaa dizeli, nzima. Ya Masanja haikuwa na ngozi yoyote, na kila aliyekuwa amemkamata alikuwa nayo mbele ya macho tangu mwanzo. Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, kile kicheko cha woga uliopita, na banda zima likafuata. Katekista mwenyewe alicheka akilia. Kisha akaenda, akapiga magoti mbele ya Masanja, akapiga makofi ya taratibu kama tunavyowasalimia wakubwa wetu, akafungua tyubu kwa meno maana fundo lilikataa.

"Nisamehe, baba."

Masanja alisugua vifundo vya mikono yake. "Kwetu hata walinzi wa sungusungu huuliza jina kwanza," akasema. Kisha akageukia runinga. "Na yule mama, mwishoni alipewa nini?"

Tukamtazama Oskar, ambaye hajawahi kukosa jibu.

"Haijaonyeshwa," akasema Oskar.

Sajini Pasko aliandika PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, pale pale juu ya goti, kwa mwandiko mzuri kuliko wa siku zote, akampeleka Masanja hospitali yeye mwenyewe, akimsukumia baiskeli. Mama wa nyanya na wenzake waliwanunua samaki wake wote jioni ile, na nina hakika wengine walinunuliwa na watu wasiokula samaki. Kesho yake nilifuta agizo langu kwenye rejista na kuandika, "Ionyeshwe hadi mwisho." Sajini akatia sahihi. Mabusu tuliendelea kukata, maana Katekista Gaudensi alitubu mambo mengi lakini si hilo.

Siku hiyo hiyo, kabla Masanja hajarudi bondeni, Kristofa alimwita. Alimkalisha kwenye kigoda cha wateja, akachukua katambuga yake ya tairi, ya mguu wa kulia. Mkanda ulikuwa umekatika, umefungwa kwa kipande cha kamba ya mkonge, na kisigino cha mtu yule kilikuwa kimechubuka kwa kusukuma baiskeli mlima mzima. Ndiyo maana alikuwa anachechemea. Kristofa aliishona katambuga ile kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji, akigonga kwa mpini wa kisu. Nilikuwa nimekuja kuchukua kiatu changu.

"Dada Skola," akaniambia bila kuinua kichwa, "mimi natazama miguu ya watu tangu nilipoanza kujitegemea. Huyu alipita hapa mbele yangu. Jana sikuitazama."

Nilimwonyesha jiwe lake, nililoliokota bandani. Akakataa kulipokea. Alisema atanunua nyundo, na akanunua.

Basi nikalipeleka ofisini, nikaliweka juu ya karatasi za ukaguzi, ili kila nitakapotaka kugonga mhuri nilazimike kwanza kulinyanyua kwa mkono wangu. Binti yangu, liache papo hapo.